Banda la Gemu: Historia ya Taasisi Isiyosajiliwa ya Shume

Taasisi nyingi za Shume, huku milimani Lushoto, zina karatasi zake. Shamba la miti lina ramani za vitalu, shule ina rejista, msikiti na kanisa vinakumbuka waliotoa mabati ya kwanza. Banda la gemu halina hata kimoja cha hivyo. Halikuzinduliwa na mgeni rasmi, halina mwanzilishi wa kutundikwa picha ukutani, na kwenye mkutano wa kijiji lilitajwa pale tu mwalimu aliposimama kulalamikia utoro. Lakini vijana wa vizazi viwili wa huku juu wamepitia humo, na wengi wao wamesahau mambo mengi ya darasani kabla ya kusahau namna ya kuvuka daraja linalolipuka kwenye gemu ya Kontra.

Kwa kuwa banda halikuandika chochote, nyaraka zake ni maneno. Ni yale yaliyosemwa kwenye benchi: Mario ni nani, kaseti hii ina gemu ngapi, ubonyeze nini ili upewe maisha zaidi. Mengine ni kweli tupu, mengine ni chumvi. Historia hii inayapima, maana hakuna taasisi nyingine hapa iliyofundisha watu bure kiasi hicho bila kukaguliwa.

Tuanzie mwaka ambao gemu haikuwepo kabisa. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta, na runinga zikawekwa kwenye katazo hilohilo. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na siasa ya kujitegemea haikuona haja ya sanduku la kutazamia wakati redio ilishafika vijijini. Zanzibar ilikuwa imeshika njia yake: Televisheni ya Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1970, tena kwa rangi, kabla ya nchi nyingine yoyote ya Afrika kusini mwa Sahara. Bara ilisubiri miaka ishirini. Vituo vya kwanza vya runinga, ITV kikiwemo, vilianza kurusha matangazo mwaka 1994.

Sasa, mashine ya gemu ni kitu gani? Ni kompyuta isiyo na kibodi, isiyoonekana mpaka iwe na runinga. Kampuni ya Nintendo ya Kyoto, iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata za hanafuda, ilipoingiza sokoni mashine yake ya Famicom tarehe 15 Julai 1983 kwa yen 14,800, ilikuwa imeunganisha katika kasha moja jekundu na jeupe vitu vyote viwili ambavyo Dar es Salaam ilivikataa. Hata Japani kwenyewe mwanzo haukuwa mwepesi. Zilitoka kaseti tatu tu siku hiyo, Donkey Kong, Donkey Kong Jr. na Popeye, na mashine za awali zilikuwa na kasoro iliyofanya gemu kuganda, hadi kampuni ikaziita zirudi kiwandani kubadilishwa ubao wa ndani. Rangi nyekundu, kwa maelezo ya mhandisi wake Masayuki Uemura, ilichaguliwa kwa sababu rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, aliipenda. Uzushi uliozagaa ni kwamba plastiki ya rangi hiyo ndiyo iliyokuwa ya bei chee kuliko zote.

Mashine iliyokuja kukaa kwenye mabanda yetu ina nasaba na hiyo, ila si hiyo. Famicom ya Japani haikuwekwa kufuli. Toleo la Marekani, lililotoka 1985 kwa jina la NES, lilikuwa na kichipu kilichokagua kaseti kabla ya kuiruhusu kucheza. Ndugu yake wa Kyoto alipokea chochote kilichochomekwa. Viwanda vya Taiwan na Hong Kong vikaona mlango uko wazi. Vikanakili mashine nzima, kisha vikanakili kaseti zake, na vikauza kote ambako Nintendo haikuwa na haraka ya kufika. Warusi waliipata kuanzia 1992 kwa jina la Dendy, Wapolandi wakaiita Pegasus, kwingineko iliandikwa Micro Genius. Afrika Mashariki ilipokea majina mengi, baadhi yakiwa yameibwa kutoka kwa mashine nyingine kabisa: kasha limeandikwa jina la PlayStation, umbo ni la PlayStation, ukifunua mfuniko unakuta tundu la kaseti ya pini 60. Mlio wake haukudanganya mtu. Ilikuwa Famicom.

Kufika Shume kulitegemea kabichi. Malori yanayobeba kabichi, viazi na karoti kuteremka Mombo hadi Dar es Salaam hayapendi kurudi matupu, na Kariakoo haikosi cha kupakia. Milima hii imezoea mashine za wageni. Wajerumani walifunga waya wa kuning'inia kutoka huku, walikokuita Neu-Hornow, mpaka Mkumbara bondeni ilipopita reli ya Tanga, ili kuteremsha magogo ya mtarakwa bila kupita kwenye kona. Waya ule ulishusha mali. Gemu ni miongoni mwa vitu vichache vilivyopanda.

Banda lenyewe halikuhitaji mtaji mkubwa. Mbao zipo, Shume ikikosa mbao nani atakuwa nazo? Mabamba yenye magome, yale yanayobaki baada ya msumeno kunyoosha gogo, yalitosha kwa kuta, na gunia lilitosha kwa mlango. Gunia lilikuwa na kazi mbili. Lilizuia mwanga wa nje usiue picha kwenye kioo, na lilizuia baridi, maana mwezi Juni na Julai ukungu hapa huingia ndani bila kubisha hodi. Watu wa Tanga mjini wanaocheza wakiwa vifua wazi hawajui adha ya kushika pedi kwa vidole vilivyokufa ganzi. Ndani ya banda lenye watoto ishirini palikuwa na joto, na nathubutu kusema kwamba wapo waliokuja kwa sababu hiyo tu, wasishike pedi hata mara moja.

Umeme ulikuwa kitendawili cha kila mwenye banda kabla ya nguzo kufika. Mashine hiyo hula umeme mdogo sana, volti tisa kutoka kwenye adapta yake, kiasi kwamba betri ya gari ingeiendesha muda mrefu. Mlaji alikuwa runinga ya chogo. Jenereta iliwashwa kwa ajili ya runinga. Gemu ilikula makombo. Ndiyo maana saa za banda zilikuwa fupi na foleni ndefu, na ndiyo maana sheria zake zilikuwa kali kuliko za shule.

Sheria hizo hazikuandikwa popote, lakini ukitembea kutoka Lukozi hadi Manolo ungezikuta zilezile. Unalipa kabla hujashika pedi. Ukifa, unapisha. Kwenye gemu ya wawili, aliyeshinda anabaki na aliyeshindwa anarudi mwisho wa foleni. Mtazamaji anaruhusiwa kushauri, haruhusiwi kugusa. Umeme ukikatika katikati, mwenye banda anakumbuka nani alikuwa kwenye levo gani, na neno lake halikatiwi rufaa. Cheo cha pili kilikuwa cha kijana aliyejua kutafuta chaneli, kwa kuwa mashine iliingilia kwenye tundu la antena, na mtu asiye na subira alizungusha kitufe mpaka mwisho akakuta mchele mtupu kwenye kioo. Wasichana walikuwa wachache mno. Historia za taasisi hupenda kuruka mistari ya namna hii, lakini banda lilikuwa mali ya wavulana, na dada aliyechungulia alitumwa kumwita mdogo wake, hakukaribishwa kuketi.

Kati ya yote yaliyosemwa kwenye benchi, la Mario ndilo linalonivuta zaidi, kwa sababu Shume ilikuwa na haki naye bila kujua. Wote tuliambiwa ni fundi bomba. Ni kweli, kuanzia mwaka 1983 kwenye Mario Bros., ambako anapigana chini ya ardhi kwenye mabomba. Lakini alipozaliwa, mwaka 1981 kwenye Donkey Kong, alikuwa seremala, na mahali pake pa kazi palikuwa jengo lisilomalizika ambalo sokwe alisimama juu yake akiviringisha mapipa. Hakuwa hata na jina la Mario. Aliitwa Jumpman. Jina la sasa alilipata kwa Mario Segale, mwenye ghala ambalo tawi la Nintendo la Marekani lilikuwa limepanga. Kwa hiyo mtu anayejulikana kuliko wengi duniani ni seremala aliyeitwa kwa jina la mwenye nyumba. Katika tarafa ambayo kila ukoo una mpasua mbao, jambo hili lingetangazwa mapema, pengine watoto wasingemcheka kwa kitambi chake.

Kitambi, kofia na masharubu navyo vina sababu zake. Shigeru Miyamoto alikuwa na nukta chache mno za kuchorea. Mdomo usingeonekana, basi akaweka masharubu chini ya pua kubwa. Nywele zinazopepea ni shida kuchora mtu anaporuka, basi kofia. Mikono isingetengana na kiwiliwili, basi ovaroli ya rangi nyingine.

Ubahili huohuo uko kwenye Super Mario Bros. nzima, iliyotoka tarehe 13 Septemba 1985. Gemu yote, dunia nane, muziki, maadui, maji na majumba, imeingia kwenye kilobaiti 40. Picha moja ya simu ya leo inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo mara mia. Ukitaka kuona walivyobana, tazama wingu, kisha tazama kichaka kilicho chini yake. Ni mchoro mmoja. Mmoja umepakwa nyeupe, mwingine kijani. Waliokaa kwenye benchi miaka mitano mfululizo hawakuliona hilo, na sioni cha kuwalaumu, kwani macho yote yalikuwa kwenye kobe.

Kuna jambo jingine ambalo banda lisingeweza kulijua hata lingefungua macho. Mario wetu alikuwa mzito. Runinga za Japani na Marekani huchora picha mara 60 kwa sekunde. Za mfumo wa PAL uliotumika Afrika Mashariki huchora mara 50. Gemu za enzi hizo zilihesabu muda kwa picha, hazikuwa na saa nyingine. Mashine ikitengenezwa kwa PAL bila gemu kurekebishwa, kila kitu kinapungua kasi kwa sehemu moja ya sita, muziki ukiwemo. Bingwa wa Lushoto angepelekwa Osaka angekuta Mario anakimbia kama ametumwa na mama mkali.

Lile la kaseti zenye gemu 9,999,999 lilikuwa uongo wa kiwandani. Orodha iliyokuwa ikishuka kwenye kioo bila mwisho ilikuwa na gemu chache zilizorudiwa kwa majina tofauti: hapa Mario anaanzia levo ya kwanza, pale anaanzia ya tatu, kwingine kabadilishwa rangi. Wenye mabanda walijua. Lakini mteja mpya aliyeona tarakimu saba alilipa kwanza akauliza baadaye, na biashara haijawahi kukataa mteja wa hivyo.

Kupuliza kaseti ni suala gumu zaidi, kwa kuwa kila mmoja ana ushahidi wake. Gemu haiwaki, unaichomoa, unaipuliza, unaichomeka, inawaka. Nani atakubishia? Kilichosaidia ni kule kuichomoa na kuirudisha: pini zilisuguana upya na kugusana vizuri. Mate yaliharibu. Nintendo yenyewe ilikuja kuwaonya wateja wasipulize, kwa sababu unyevu huozesha shaba ya pini, na katika ukungu wa huku pini hazikuhitaji msaada wa kuoza.

Pia palikuwa na ugomvi wa picha kumetameta. Kwenye Kontra, maadui wakizidi, baadhi yao walipotea na kurudi, na mwenye banda akaipiga runinga kofi ubavuni. Runinga haikuwa na kosa. Mashine ile ina uwezo wa kuonyesha vitu 8 tu vinavyotembea kwenye mstari mmoja wa kioo. Cha tisa hakichorwi. Watengenezaji walifanya vitu vipokezane, hiki kionekane sasa na kile baadaye kidogo, ili kisipotee kimoja moja kwa moja.

Siri ya Kontra, basi. Hii benchi liliipata bila kosa, na sijui habari ilipandaje mlima kabla ya intaneti: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Unapewa maisha 30 badala ya 3. Mwenye siri hiyo ni Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, aliyekuwa akiihamishia Gradius kwenye Famicom mwaka 1986. Gemu ilimshinda. Alihitaji kuifika mwisho ili aikague, akajiwekea mlango wa uani, na gemu ikatoka kiwandani mlango ukiwa bado upo. Konami waliurudia kwenye gemu nyingine, Kontra ya 1988 ikiwemo. Hashimoto alifariki Februari 2020, na magazeti ya dunia yakamtaja kwa vitufe kumi. Wenye mabanda hawakumpenda, kwa sababu za wazi: mtoto mwenye maisha 30 anakalia benchi asubuhi nzima kwa malipo ya mara moja. Baadhi ya mabanda yaliitoza Kontra kwa muda, si kwa kifo.

Gemu ya bata nayo ina siri ambayo watu wachache waliijua. Duck Hunt ya 1984 huchezwa kwa bastola, na bastola hiyo haitoi chochote, inapokea mwanga. Ukifyatua, kioo kinakuwa cheusi kwa muda mfupi mno, kisha bata anageuka mraba mweupe, na jicho ndani ya mtutu linaangalia kama limeuona mweupe ule. Ndiyo maana haifanyi kazi kwenye runinga bapa, ambazo huchelewesha picha kidogo, na ndiyo maana baadhi ya chogo hazijatupwa. Siri yenyewe ni kwamba wakati mmoja anapiga, mwenzake akishika pedi anaweza kumwendesha bata. Hebu fikiria wangapi walilipa wakalaani bahati yao, na nyuma yao rafiki kashika pedi kimya. Mbwa anayecheka, hata hivyo, hapigiki kwenye toleo la nyumbani. Walioapa kwamba binamu yao wa Korogwe alimpiga walidanganya.

Iliyopendwa na wengi kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya vifaru. Battle City ya kampuni ya Namco, 1985: wawili upande mmoja, wanalinda ngome yenye tai dhidi ya vifaru vinavyoshuka. Unaweza kumpiga mwenzako, naye anaganda kwa muda. Unaweza kuipiga ngome yenu wenyewe na mkashindwa papo hapo. Urafiki umevunjika humo. Ina pia sehemu ya kujenga uwanja wako kabla ya kuanza, na mafundi wa banda walizungushia ngome chuma pande zote, wakaketi kusubiri. Cha ajabu, gemu hiyo ya Famicom haikuwahi kuuzwa rasmi Marekani wala Ulaya. Mmarekani wa umri wetu aliyekulia na mashine halali huenda haijui. Mtoto wa Shume, wa Moscow na wa Warsaw wangeelewana bila mkalimani.

Enzi hiyo ilikatwa na mpira. PlayStation 2 ilitoka Japani tarehe 4 Machi 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 155, na ilipochakaa huko ikateremka bei mpaka wenye mabanda wakaifikia. Chanzo cha PlayStation ni ugomvi: Sony ilikuwa ikishirikiana na Nintendo kutengeneza mashine ya diski, mwaka 1991 Nintendo ikaigeuka na kutangaza kushirikiana na Philips, na Sony ikatengeneza yake, iliyotoka Desemba 1994, mwaka uleule runinga ilipoanza Bara. Gemu iliyotawala benchi ilikuwa Winning Eleven, ya mpira, nayo ya Konami, kampuni ileile ya Kontra, ingawa sijamsikia mtu akiliunganisha hilo. Foleni sasa ilipangwa kwa mechi. Benchi likapata watangazaji, wakichanganya Kiswahili na Kisambaa kwa kasi ambayo kituo chochote cha redio kingeitamani. Kaseti zikawekwa juu ya kabati. Sheria hazikubadilika: unalipa kabla, ukifungwa unapisha.

Kyoto iliacha kutengeneza Famicom mwaka 2003, na mwaka 2007 ikaacha kuikarabati kwa walioharibikiwa, ikisema vipuri vimekwisha. Huku vipuri havikuwahi kuwepo. Mashine za mwisho kufika zilikuwa na ubongo wote ndani ya kitone kimoja cheusi cha gundi. Fundi redio aliweza kuunga waya wa pedi, kubadili adapta, kusafisha pini kwa kifutio cha penseli, lakini kitone kikifa alikupa kasha. Nintendo inahesabu kuwa iliuza mashine milioni 61.91 za aina hiyo duniani kote. Zilizopanda na malori ya kabichi hazimo kwenye hesabu hiyo.

Leo kilobaiti 40 za Mario zimo ndani ya simu, na kijana anaweza kumchezesha akiwa juu ya gunia la viazi anasubiri gari. Mabanda yaliyobaki yana PlayStation za baadaye na runinga bapa ukutani, na mabishano yamehamia kwenye nani amsajili nani. Bado wapo wanaoshikilia kwamba kubonyeza kioo kisicho na kitufe hakuhesabiki, na kwamba aliyemaliza Kontra kwenye simu aje amalize kwa pedi, bila zile za Hashimoto, mbele ya watu, na alipe kwanza.